Mtandao Haushiki Kijijini? Simu Ikae Juu, Wewe Ukae Chini

Kwetu ni milimani Lushoto, sio mjini pale, ni kule ndani ukishapita Mlalo unaanza kushuka bondeni, na kama umeshawahi kufika unajua ile barabara ilivyo, kona hii simu inaingiza meseji kumi kwa mpigo, kona inayofuata imekufa kabisa. Mnara upo, unauona kwa macho kule kwenye kilima cha pili, usiku taa yake nyekundu inawaka, lakini ukiingia ndani kwa mama kunywa chai simu inaandika hakuna huduma. Na mama analima kabichi na karoti. Dalali akipiga alfajiri kuuliza kama gari lipite kubeba mzigo, asipompata hasubiri, anampigia mwingine, na kabichi zinakaa shambani mpaka zinapasuka. Ndo mana hili swala la mtandao kwangu sio la kuangalia video, ni la hela ya mama kabisa.

Nimelihangaikia miaka kadhaa na hapa naandika yale yanayofanya kazi, sio yale ya kuambiwa weka karatasi ya fedha nyuma ya simu.

Kwanza elewa hiki kitu kimoja. Simu ni redio mbili, moja inasikiliza mnara na nyingine inaongea na mnara. Mnara una nguvu kubwa na antena kubwa, simu yako ina nguvu kidogo sana, kwa 4G ni kama wati 0.2 tu. Kwa hiyo mara nyingi unaona kijiti kimoja cha mtandao, yani simu inausikia mnara, ila ukipiga haiendi kwa sababu mnara hauisikii simu. Simu za 2G kwenye masafa (yani mawimbi ya redio) ya 900 MHz zinaruhusiwa kutoa mpaka wati 2, kwa mapigo mafupi mafupi, hiyo ni mara kumi ya 4G, na masafa ya chini kama 800 na 900 yanafika mbali na yanapenya ukuta kuliko ya 1800 au 2100 kwenda juu. Ndo sababu kitochi cha bibi kinaita mahali ambapo simu yako ya laki nne imenyamaza. Sio kwamba kitochi ni kizuri kuliko simu yako, kimeng'ang'ania 2G tu wakati simu yako inahangaika kutafuta 4G ambayo haipo.

Sasa acha kuangalia vijiti. Vijiti kila kampuni ya simu inajipangia yenyewe, viwili vya simu hii ni vinne vya simu ile, vinadanganya. Angalia namba. Kwenye Android ingia setingi, kuhusu simu, halafu hali ya laini, utaona nguvu ya mtandao imeandikwa kwa dBm yenye alama ya kutoa mbele. Simu nyingine ukibonyeza *#*#4636#*#* inafungua ukurasa wenye hizo habari zote, iPhone unabonyeza *3001#12345#* halafu unapiga. Namba ikikaribia sifuri ndo mtandao una nguvu, yani -75 ni nzuri kuliko -95, na kila ukishuka namba 3 nguvu inakuwa nusu ya ile ya mwanzo. Kwa hiyo kutoka -95 kwenda -104 sio padogo, umebakiwa na sehemu moja kati ya nane. Kitu cha kuwa makini hapa ni kwamba usilinganishe namba ya 4G na ya 2G, zinapimwa tofauti. 4G ikisoma -105 bado meseji za WhatsApp zinapita taratibu, ikifika -115 na kuendelea inaanza kukatakata. 2G ikisoma -105 hapo iko kwenye kukata roho.

Chukua daftari. Sitanii, chukua daftari la shule la mtoto, simama sehemu moja dakika moja mana namba huwa inachelewa kubadilika, andika, sogea. Mlangoni, dirishani, chini ya mwembe, juu ya jiwe, nyuma ya choo. Fanya kwa laini zote ulizonazo, na kama jirani ana laini ya kampuni nyingine muombe simu yake dakika tano. Pale nyumbani nilipima 4G hivyo na nikakuta ndani chumbani ni -121, dirisha la jikoni ni -112, uwanjani ni -108, halafu kwenye mti wa parachichi nyuma ya banda, ukipanda kama mita sita, inasoma -97. Mti huo huo chini kwenye shina ni -109. Sikusogea hata hatua moja pembeni, nilipanda juu tu, kwa sababu pale juu unavuka ule mgongo wa kilima uliosimama kati yetu na mnara. Ukishaona kitu kama hicho kwenye daftari lako umeshamaliza nusu ya kazi.

Kwa nini ndani ni pabaya? Bati. Bati ni chuma na mtandao haupiti kwenye chuma, unaingia zaidi kupitia madirishani na milangoni, sasa kama dirisha lako nalo lina shata la bati basi umejifungia ndani ya debe. Nyumba ya tofali mbichi iliyoezekwa nyasi inashika vizuri kuliko ya bati, hiyo nimeiona kwa macho. Ukuta mnene wa mawe nao unakula sana. Majani ya miti yakilowa yanapunguza pia. Na kifuniko cha simu chenye bati la sumaku la kushikia kwenye gari kitoe, na mkono wako pia usiukumbatie mwisho wa simu wa chini mana simu nyingi antena ziko chini na juu kwenye kingo.

Watu wengi kwetu wanasema mvua inaua mtandao. Mvua yenyewe haigusi sana mawimbi kati ya simu na mnara. Kinachotokea ni kwamba minara mingi huko milimani inapokezana mawasiliano kwa yale madishi ya mviringo, na hayo yanatumia masafa ya juu sana ambayo mvua kubwa inayaumiza, au umeme umekatika na betri za mnara zimeisha. Kwa hiyo ukiona namba yako ya dBm iko palepale pa kila siku ila hakuna kinachopita, tatizo liko kwenye mnara, acha kupanda mti, subiri. Kama na namba imepotea kabisa kwa kila mtu wa laini hiyo, mnara umezima. Hii pekee imenipunguzia hasira nyingi.

Haya, sasa setingi. Ukiwa sehemu ambayo 4G inakuja na kupotea, simu inashinda inarukaruka kati ya 4G, 3G na 2G, na wakati inaruka ndo unapigiwa unaambiwa hapatikani. Ingia setingi za mtandao wa simu, aina ya mtandao, chagua mwenyewe. Kama unachotaka ni kupigiwa tu weka 2G peke yake, betri pia itakaa mana simu ikiwa na mtandao dhaifu inapandisha nguvu yake mpaka mwisho na kutafuta muda wote, ndo mana kijijini chaji inaisha saa nane mchana na hujafanya kitu. Kama ina laini mbili na moja haishiki kabisa hapo kijijini, izime hiyo laini kwenye setingi, usiiache itafute siku nzima. Ukitaka intaneti rudisha 4G ukiwa umesimama sehemu yako nzuri. Simu ikiganda, yani unajua mtandao upo lakini haisomi, washa ile alama ya ndege hesabu sekunde kumi zima, inalazimika kuanza kutafuta upya.

Kwa walio mpakani, Horohoro, Namanga, Tarakea, huko kuna jambo la ziada, simu inaweza kukamata mnara wa Kenya kwa sababu una nguvu kuliko wa kwetu, na bando lako linagoma au salio linaliwa. Nenda kwenye kuchagua mtandao, zima kuchagua kwenyewe, subiri orodha ije, chagua kampuni yako, na data ya nje ya nchi iwe imezimwa. Jirani wa upande wa Kenya naye anafanya hivyohivyo.

Swala la laini gani, mimi sitakutajia kampuni, kwa sababu iliyo nzuri kwetu inaweza kuwa haipo kabisa kwenu, na hata kijiji kimoja bondeni na juu vinatofautiana. Daftari lako ndo litasema. Ukikuta kampuni nyingine inashika vizuri na hutaki kubadili namba, Tanzania tangu 2017 unaweza kuhama mtandao na namba yako ileile, ila kwa mtu wa kijijini mimi naona bora laini mbili, ya zamani ibaki kwa ajili ya hela na majina. Halafu ifundishe ile laini isiyoshika ihamishie simu kwenye laini inayoshika, unabonyeza **62* ikifuatiwa na namba ya pili halafu # na kupiga, maana yake nisipopatikana peleka huku. Kufuta ni ##62#. Unaweza kukatwa hela ya dakika kwa kila simu inayohamishwa kwa hiyo ulizia kwanza. Sisi simu za mama zisipompata zinakuja kwa dada yangu Mombo, anaongea na dalali, anamtumia mama meseji.

Na hapo tufike kwenye meseji, mana watu wameidharau sana. Meseji ya kawaida, sio ya WhatsApp, ni kitu kidogo mno, herufi 160, inapita kwenye njia ileile ambayo simu na mnara wanasalimiana, haihitaji kushikilia njia kama kupiga. Sekunde chache tu za mtandao inaenda. Na kama mwenzako hayupo hewani inamsubiri kwenye mitambo ya kampuni mpaka atokee au muda wake uishe. Kwa hiyo jambo muhimu la kijijini ni meseji, liandike lote, "gari lije ijumaa saa 12 asubuhi, magunia 30, bei tulokubaliana", usiandike "nipigie" kwa mtu ambaye hawezi kupiga.

Kutuma hela ni tofauti na inabidi uwe makini kweli. Zile menyu za nyota na reli zinataka mtandao usikatike toka mwanzo mpaka umeweka namba ya siri, ikikatika katikati hujui kama imeenda au haijaenda. Mimi nilishatuma ada ya mdogo wangu mara mbili kwa sababu hiyo, muamala wa kwanza haukuleta ujumbe nikarudia, nusu saa baadae meseji zote mbili zikaingia, na kurudishiwa ile ya pili ilichukua wiki nzima ya kupiga simu huduma kwa wateja. Kwa hiyo usirudie. Nenda sehemu yako nzuri, angalia salio kwanza, kama limepungua imeenda, ujumbe umechelewa tu. Na miamala ifanyie 2G au 3G iliyotulia, umesimama, sio unatembea.

Sasa kitu chenyewe nilichotaka kusema. Wengi tukishapata ile sehemu nzuri tunageuka walinzi wake, tunaenda kusimama pale kwenye jiwe na baridi ile, kila mtu kijijini anajua jiwe la mtandao liko wapi na jioni kuna foleni. Hakuna haja. Mtandao unaitaka simu, haukutaki wewe. Simu ipeleke juu, wewe kaa jikoni.

Tafuta simu ya zamani ya 4G, hata kioo kiwe kimepasuka ilimradi inawasha hotispoti. Weka laini yenye bando. Nunua kopo la plastiki lenye kifuniko, la siagi au la mafuta kubwa kidogo, plastiki haizuii mtandao ila kopo la bati linazuia kabisa kwa hiyo hapo usikosee. Toboa matundu madogo mawili matatu kwa chini ili joto na unyevu utoke, huku kwetu ukungu ukiingia asubuhi simu inalowa kama imenyeshewa. Ndani weka simu na pawabenki yake, ya 10,000 mAh inakupeleka siku nzima na zaidi kama hutumii sana. Funga kamba ndefu ya manila, ipitishe kwenye tawi kama kamba ya bendera ya shule, mwisho mmoja una kopo na mwingine unabaki chini, hivyo unapandisha na kushusha bila kupanda mti kila siku. Mama ana zaidi ya miaka 60, anashusha mwenyewe, anabadilisha pawabenki, anapandisha.

Kwenye setingi za hotispoti kuna mambo mawili watu wanasahau halafu wanasema haifanyi kazi. La kwanza, kuna sehemu imeandikwa zima hotispoti kama hakuna kifaa kilichounganishwa, hiyo iondoe, la sivyo ukienda shamba ukirudi imeshajizima na iko juu ya mti. La pili, chagua 2.4 GHz usichague 5, ile 2.4 inafika mbali na inapenya ukuta vizuri zaidi. Sisi toka kwenye mti mpaka jikoni ni kama hatua ishirini na inashika. Nenosiri weka gumu kidogo, na zima masasisho ya programu kwenye hiyo simu ya juu mana itakula bando lote peke yake.

Simu unayoshika mkononi inaunganishwa kwenye hotispoti hiyo, WhatsApp inaingia, unapiga na kupigiwa kwa WhatsApp ukiwa umekaa jikoni unamenya viazi. Kwa simu za kawaida tunacho kitochi, kinaning'inia kwenye dirisha la jikoni ambalo lilisoma vizuri kuliko sehemu zote za ndani, kwenye kifuko cha kitambaa, kikiita mama anabonyeza spika bila kukitoa pale. Ukikitoa ukasogea nacho hatua mbili kinakata, kwa hiyo kiache, wewe ndo ukisogelee.

Wingu zito likianza na radi kwa mbali, shusha kopo. Usisubiri. Na wala usishike kamba iliyolowa wakati radi inapiga, simu iachwe iungue. Jua kali la mchana nalo linachemsha simu mpaka inajizima, kwa hiyo tawi lenye kivuli ndo zuri, na kamba ikae mbali na nyaya za umeme.

Kama una uwezo kidogo zaidi, au ni shule au zahanati, nunua ruta ya laini yenye matundu ya antena ya nje, halafu antena ya Yagi, ile ya fito fito kama za TV, au ile ya pembe tatu ya meno meno, iweke kwenye mlingoti, ielekeze kwenye mnara ukiwa unaangalia dBm, geuza kidogo subiri andika geuza tena. Hakikisha antena ni ya masafa ya laini yako. Waya ndo unaoibia watu. Waya mwembamba wa RG58 unakula kama nusu ya dB kila mita kwenye masafa ya 900, mita sita tu umepoteza nusu ya nguvu, na masafa ya juu unakula zaidi. Kwa hiyo waya uwe mfupi na mnene, bora ruta ikae juu karibu na antena kwenye boksi la plastiki na umeme upandishwe, kuliko ruta iwe sebuleni na waya wa mita ishirini. Zile mashine za kuongeza mtandao zinazouzwa bila vibali achana nazo, zinaweza kuvuruga mnara kwa watu wote wanaoutumia, na vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe vimethibitishwa na TCRA, yani mamlaka ya mawasiliano Tanzania.

Bando nalo litunze mana mtandao dhaifu ukipakia kitu kizito hakimaliziki na MB zimeshaenda. Kwenye WhatsApp ingia hifadhi na data, ondoa kupakua kwenyewe picha na video, washa kutumia data kidogo wakati wa simu. Kurasa za intaneti tumia Opera Mini, inabana kurasa kabla hazijakufikia. Ujumbe wa sauti ni bora kuliko kupiga, unajituma wenyewe mtandao ukirudi. Na kama unapakua kitu kikubwa amka alfajiri, usiku wa saa mbili mpaka saa nne kila mtu yuko kwenye mnara huohuo.

Daftari lako usilitupe. Kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, kazi yake ni kupeleka mawasiliano sehemu ambazo kampuni zinaona hazilipi, na mwaka 2023 ulisainiwa mkataba na kampuni za simu wa kujenga minara 758 vijijini. Ukienda kwa mtendaji wa kijiji ukasema mtandao mbaya, anaitikia na maisha yanaendelea. Nenda na karatasi, jina la kitongoji, kaya ngapi, shule ipo, zahanati ipo, laini fulani inasoma ngapi na tarehe uliyopima, laini nyingine hivyohivyo, omba iingie kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji halafu diwani apewe nakala. Sisi tumepeleka mwezi uliopita, kurasa mbili, vitongoji vitatu, na vijana wa sekondari ndo waliozunguka kupima.